1970: Kura ya rangi mbili

Wandugu, tunasikia kwamba kule Laos, ambako chama kimoja kinaongoza tangu 1975, watu nao wanaenda kupiga kura. Wengi wetu tunacheka. Tusicheke sana, juu sisi pia tumepita njia hiyo.

Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965. Katiba ya 1967 ilikubali vyama viwili, lakini kwa kweli MPR ilibaki peke yake. Katika uchaguzi wa rais wa 1970, mgombea alikuwa mmoja. Mpiga kura alikuta karatasi mbili: ya kijani maana yake tumaini, nyekundu maana yake fujo. Na kura haikuwa ya siri. Sasa, nani atashika fujo mbele ya watu?

Matokeo: «ndiyo» zaidi ya milioni 10, «hapana» 157. Nchi nzima!

Mwaka 1975, kwa wabunge, hata karatasi iliachwa. Majina yalisomwa mbele ya watu, wakapiga makofi, basi wamechaguliwa. Mambo ya chama kimoja yaliendelea mpaka tarehe 24 Aprili 1990.

Sisi watu wa agronomi tunajua: ukipanda aina moja tu ya maharagi katika shamba la majaribio, hauwezi kusema ndiyo imeshinda. Imeshinda nini? Kwa hiyo ile milioni 10 haituambii kama watu walimpenda Mobutu ao walimuogopa. Namba ni kubwa, lakini habari iliyo ndani ni ndogo. Mimi naona zile 157 zinasema zaidi.

Naandika haya kama mtoto wa Mushaki. Wazee wetu walipewa kura bila chaguo. Tarehe 20 Desemba 2023, wagombea walikuwa wengi, lakini Masisi na Rutshuru hatukupiga kura juu ya vita. Siku ile Masisi haikuchagua rais wala mbunge. Tulikuwa na chaguo bila kura. Ni magonjwa mawili tofauti, lakini mgonjwa ni yuleyule: raia ambaye sauti yake haihesabiwe.

Kama kwenu kuko mzee aliyepiga kura 1970, mumuulize alishika rangi gani, na nani alikuwa anamuangalia. Muandike jibu lake mapema. Hao wazee wanazidi kupungua, na katika hesabu ya 1970 hakuna mahali ambapo woga uliandikwa.