Barbara Jordan na lafudhi yangu

Kila nikipiga simu mnaniuliza kama nimeshaanza kuongea kwa puani. Nilijaribu jamani, maana kuna mgonjwa aliniambia hanielewi, akataka nesi mwingine. Iliniuma.

Aliyenitoa huko ni Barbara Jordan. Jirani yangu hapa DeSoto ndiye aliyenipa hotuba yake nisikilize. Mama huyu mweusi alizaliwa Houston mwaka 1936, baba yake mchungaji wa Kibaptisti, akanolewa kwenye midahalo ya chuo cha Texas Southern. Tarehe 25 Julai 1974, akiwa mbunge, alizungumza kwenye kamati iliyojadili kumshtaki Rais Nixon. Alikumbusha kwamba Katiba ilipoandikwa, watu kama yeye hawakuwemo. Sasa yeye ndiye amekaa kuilinda. Hakupayuka. Alimaliza neno ndipo akashika lingine, nchi ikimtazama kwenye televisheni. Nixon alijiuzulu Agosti 9.

Nikajifunza kwamba mtu hatulizwi na lafudhi inayofanana na yake. Anatulizwa na anayeyapa maneno nafasi. Siku hizi zamu ya usiku naongea Kiingereza changu chenye lafudhi ya Tanga, polepole. Juzi mzee mmoja aliyegoma sindano alinyoosha mkono mwenyewe.

Tuko pamoja. Msalimieni bibi.