Rabai Haikuwa ya Krapf Peke Yake

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, ukafika Mazeras na kukata kulia, hukawii kuingia Rabai. Utaelekezwa kwenye makumbusho, na makumbusho hayo yana jina la mtu mmoja: Krapf. Sina ugomvi na Johann Ludwig Krapf. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuisimulia Rabai kana kwamba ilianza naye na kuishia kwake. Krapf aliihama Rabai mwaka 1853, na miaka aliyokaa pale alikuwa akiikatiza kwa safari za Ukambani, Usambara na Ulaya. Aliyebaki ni mwenzake, Johannes Rebmann, ambaye alikaa miaka 29. Na kwa miaka 15 kati ya hiyo hakuwa peke yake. Alikuwa na mke, jina lake Emma.

Mwanzo wa habari unajulikana. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, mkononi. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki Julai mwaka huohuo, naye akasonga mbele. Rebmann alimfuata Juni 1846, na mwezi wa Agosti wazee wa Rabai wakawakubalia wageni hao wawili, Wajerumani wa Württemberg waliotumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, wakae kwao. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Huko London, mwanajiografia Cooley, aliyekuwa hajawahi kukanyaga Afrika, akambishia kwa miaka.

Ubishi huo wa theluji ndio uliomwingiza Rebmann vitabuni, na ndio uliomfukia. Mwandishi akishamfikisha mlimani, hamrudishi tena nyumbani Kisuludini, palepale Rabai, alikofanya kazi ya maisha yake.

Mwaka 1851 Rebmann alisafiri hadi Misri, akamwoa Emma Tyler, Mwingereza mwenye umri wa miaka 41 aliyekuwa tayari katika kazi ya misheni huko. Umri huo nautaja kwa makusudi. Huyu hakuwa msichana aliyefuata mume asijue aendako. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuchagua kazi yake, akachagua na mahali pa kuifanyia. Mtoto wao wa pekee, Samuel, alikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1857 uvamizi wa Wamasai uliwang'oa Kisuludini, wakakimbilia Unguja. Hatari ilipopita walirudi. Emma alifia Rabai mwaka 1866.

Rosine anakumbukwa kwa sababu ya kaburi lake lililo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ni haki yake. Lakini Rosine aliishi Mombasa miezi michache tu. Emma aliishi Rabai muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa kijana, na leo nani anamtaja?

Waliomwandika Rebmann walimpima kwa idadi ya waliobatizwa. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta mtu aliyekaribia upofu, kazeeka kabla ya wakati, na kundi dogo la Wakristo. Tangu hapo imekuwa desturi kusema kuwa kazi ya Kisuludini ilishindwa. Mimi siikubali hukumu hiyo, kwa sababu kipimo chenyewe kina kasoro.

Kwanza, tuitazame Rabai walivyoiona Warabai. Walikuwa na kaya, yaani miji yao ya asili msituni, walikuwa na wazee, na mtoto alifundishwa kwao na watu wake. Mtoto huyo pia alikuwa na kazi: mifugo ya kuchunga, ndege wa kuamia shambani. Kumpeleka kwa mgeni akajifunze herufi kulikuwa kumpunguzia nguvukazi mwenye shamba. Wazee hawakuwa wajinga wa elimu waliposita. Walikuwa wakilinda riziki na mji wao. Rebmann naye hakuwa mtu wa kubatiza haraka ili apate hesabu ya kupeleka London. Alitaka mtu aelewe kwanza.

Pili, kazi yenyewe ilianzia kwenye lugha. Mwaka 1848 kilichapishwa Bombay kitabu cha kujifunzia kusoma na kuandika kwa lugha ya Warabai, ambayo wageni waliiita Kinyika. Kiliandikwa Rabai, kikavushwa bahari kwenda kupigwa chapa. Rebmann aliendelea na msamiati, akatafsiri na Injili ya Luka kwa Kiswahili. Isitoshe, kuanzia mwaka 1853 alikusanya maneno ya watu wa Ziwa Nyasa, na mwalimu wake alikuwa Salimini, mtu aliyetekwa huko bara akaletwa pwani kuwa mtumwa. Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa, kwa mkono wa Krapf. Mtu mtumwa alikaa akimfundisha msomi wa Ulaya neno baada ya neno, na jina lililo kwenye jalada ni la mwanafunzi.

Tatu, na hapa ndipo wanaosema Rebmann alishindwa hunyamaza, nyumba ile ilipokea watu. Mwaka 1864 walitumwa Kisuludini Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kuokolewa utumwani. Mmoja wao alikuwa William Jones, Myao aliyetekwa utotoni. Mwingine alikuwa Ishmael Semler. Hao ndio waliobeba mafundisho baada ya Rebmann kuondoka mwaka 1875, akiongozwa na Isaac Nyondo, Mrabai aliyefuatana naye hadi Ujerumani. Rebmann alifariki huko mwaka uliofuata.

Jones alipewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka uleule akafuatana na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Ndiye aliyeurudisha msafara Rabai baada ya askofu kuuawa. Watumwa watoro wa pwani walikimbilia kwake kwa mamia, na mwaka 1888 mabwana zao walipokuja kuwadai, mambo yalikaribia kuwa vita. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeanza kuitawala pwani ililazimika kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Pahali palipoanzishwa na watu walioshindwa hapawi kimbilio la watu wengi hivyo.

Baadaye ikaja reli, ukaja ukoloni na uhuru, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, katika orodha ya urithi wa dunia.

Nawaomba wanaosimamia makumbusho ya Rabai, na walimu wa shule za Kilifi wanaowapeleka watoto pale: jina la Krapf libaki, lakini mtoto asitoke bila kuyasikia majina ya Emma Rebmann, Salimini, Isaac Nyondo na William Jones. Majina hayo yaandikwe mlangoni, kwa maandishi ya ukubwa uleule.