Nani Alilipa Baada ya Vita vya Mkwawa?

Mwenye kuyachungua mambo ya nchi zilizoharibiwa na vita hana budi kuuliza, baada ya kuhesabu nyumba zilizochomwa na mifugo iliyotekwa, ni nani aliyetoa mali ya kuzijenga upya. Na swali hilo, likiulizwa Madibira, pale tambarare ya Usangu inapopakana na vilima vya Uhehe, lina jawabu chungu.

Tangu vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, alipouawa kamanda wa Wajerumani Emil von Zelewski pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake, mpaka Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojiua tarehe 19 Julai 1898 asije akakamatwa, nchi hizi zilikaa takriban miaka 7 katika msukosuko: sotoka ilifyeka ng'ombe, ngome yake ya Kalenga ikabomolewa kwa mizinga mwezi wa Oktoba 1894, vyakula vikateketezwa ili wafuasi wa Mtwa wafe njaa, na Wasangu, ambao Wahehe walikuwa wamewafukuza hata Utengule karibu na Mbeya, wakarudishwa na Wajerumani pamoja na mtawala wao Merere katika nchi ya baba zao.

Katika dhiki hiyo, hazina ya serikali ya Kijerumani ilifunguliwa kwa jambo gani? Zilipatikana rupia 5,000 za kumtunza atakayeleta kichwa cha Mkwawa, lakini mjane aliyechomewa nyumba hakutengewa chochote. Fauka ya hayo, mwaka ule ule wa 1898 ikaanzishwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alitakiwa alete nafaka au atoe nguvu zake katika kazi za serikali. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimamisha tena kibanda chake, kwa miti aliyoikata na udongo alioukanda mwenyewe, kwa kitendo hicho hicho alikuwa amejiandikisha kuwa mdaiwa wa wale waliokichoma cha kwanza. Mimi silioni jina lifaalo jambo hilo ila dhuluma.

Basi nchi ilijengwa kwa mtaji wa wenyewe. Shamba la mmoja lililimwa na wengi kwa mgowe, mwenye shamba akitoa pombe na chakula. Mbegu ziliazimwa kwa ndugu. Na aliyesalia na ng'ombe alimwachia jirani amchungie, naye jirani akafaidi maziwa. Karadha hizo hazikuandikwa katika daftari lolote, na aghalabu wanahistoria huzipita.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yakapita tena nyanda hizi yakichukua vyakula na wapagazi, na ilipokwisha, mataifa yakakutana Versailles mwaka 1919 kuamua fidia. Ulaya ilikadiriwa marki za dhahabu bilioni 132, hesabu iliyotangazwa mwaka 1921. Na Uhehe? Katika sehemu ya mkataba ihusuyo fidia, kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza ndani ya miezi 6. Heshima ya Mtwa ni kubwa, nami siipunguzi. Lakini kifungu hicho hakikutaja nafaka wala mifugo ya raia zake, na hata fuvu lenyewe halikufika Kalenga ila mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolileta kutoka Bremen.

Mali kubwa ya maendeleo ilikuja Madibira katika miaka ya 1990, takriban miaka 100 baada ya kifo cha Mkwawa, mifereji ilipochimbwa kuyatoa maji ya mto Ndembera yanyweshe mashamba ya mpunga ya wakulima wadogo yapatayo hekta 3,000. Nayo haikuwa fidia kutoka Berlin wala London, bali mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulioandikwa kwa jina la serikali yetu na kulipwa na sisi.