AMANA YA ASKARI ASIYE NA MAKAO
Habari za fedha za msaada katika nchi ya Marekani

Taarifa ya mwaka huonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka. Huenda mtu akauliza, ya nini kuongeza humo habari za kale za nchi ya mbali? Jibu ni kwamba kila chama kipokeacho fedha ili kiwape wengine kimeshika amana, na namna ya kuishika hujifunzwa kwa kuwatazama walioitunza vema na walioiharibu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Jina la Kariakor mjini Nairobi latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya 1914–1918. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi. Basi wazee wajua kwamba ahadi ya serikali ni kitu kimoja, na fedha kufika mlangoni ni kitu kingine. Marekani imejaribiwa kwa jambo hilohilo mara nyingi, na mambo yake yameandikwa, hata twaweza kuifuata fedha tangu hazina ya serikali mpaka mkononi mwa askari.

Tarehe 3 Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikikaribia kwisha, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuanzisha makao ya askari wa kujitolea waliolemaa. Makao ya kwanza yalifunguliwa Togus, katika jimbo la Maine, mwaka 1866. Fedha za mwanzo zilitoka katika faini na mishahara waliyonyang'anywa askari wenye makosa. Waliokaa humo walipata chakula, kitanda na tabibu, lakini walivaa sare na kuishi kwa amri kama kambini. Askari Weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepigana upande wa serikali; mlango wa makao haukufungwa kwao kwa sheria, lakini walioingia walikuwa wachache. Makao hayo yaliwafaa wengi. Hata hivyo msaada ulikuwa mahali pamoja, na mwenye shida alipaswa kuufuata huko na kuacha jamaa zake.

Baada ya Vita vya 1914–1918 kazi ilikuwa kubwa zaidi, na mwaka 1921 iliundwa idara moja ya mambo ya askari wa zamani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Charles Forbes, rafiki wa Rais Harding. Idara ilipewa fedha nyingi za kujenga hospitali na kuwatunza majeruhi. Shuka, taulo na dawa zilizowekwa katika ghala la Perryville, jimbo la Maryland, ziliuzwa kwa bei ya kutupa, hali wagonjwa wazihitaji. Baraza la Senate lilifanya uchunguzi mwaka 1923, na mwaka 1925 Forbes alihukumiwa kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 10,000 kwa kula njama ya kuidhulumu serikali. Huo ndio ubaya wa kwanza wa amana, nao wajulikana kila mahali: wizi wa mwenye funguo.

Ubaya wa pili hauna mwizi, kwa hiyo ni vigumu kuutambua. Mwaka 1924 Bunge liliwapa askari hao hati za malipo, dola 1 kwa kila siku ya kazi nchini, na dola 1 na senti 25 kwa kila siku ng'ambo. Lakini hati hizo zilikuwa za kulipwa mwaka 1945. Dhiki kuu ya uchumi ilipoanza, watu wakapoteza kazi na nyumba, wakiwa na karatasi mfukoni zisizonunua mkate. Katika kiangazi cha 1932 maelfu yao, wengine na wake na watoto, walikwenda Washington wakajenga vibanda karibu na mto Anacostia, wakiomba walipwe mapema. Tarehe 17 Juni Senate ikakataa. Tarehe 28 Julai askari wawili wa zamani walipigwa na polisi risasi zilizowaua, kisha jeshi chini ya Jenerali Douglas MacArthur likawafukuza wote, na vibanda vikateketea. Mwaka 1936 Bunge lilikubali kuwalipa. Fedha ilikuwapo kisheria muda wote huo, ila haikuwapo siku ya haja. Ahadi ni deni, na deni la mwenye njaa halingoji miaka 21.

Ubaya wa tatu ni upendeleo. Sheria ya tarehe 22 Juni 1944 iliwafungulia askari waliorudi masomo, mafunzo ya kazi na mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali. Katika maandishi sheria haikutaja rangi ya mtu. Lakini mkopo ulitolewa na benki za mahali, na uamuzi ulikuwa kwa mtu aketiye nyuma ya meza. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mikopo yenye dhamana hiyo ilikuwa 3,229. Waliopewa Weusi ni miwili tu. Hapakuwa na haja ya kuvunja sheria. Ilitosha kuikabidhi kwa wasiotaka itimie.

Baada ya vita vya Vietnam, na hasa katika miaka ya 1980, askari wa zamani walionekana wakilala chini ya madaraja ya miji mikubwa. Wengine walikuwa wagonjwa wa akili, wengine walevi, wengine maskini tu wasioweza kodi. Mwaka 1988 mjini San Diego watu wa kujitolea walipiga mahema kwa siku 3, wakawapa chakula, matibabu na ushauri wa sheria. Ilidhihirika kwamba walio karibu huwafikia watu ambao ofisi ya mbali haiwafikii. Kwa sheria ya 1992 serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa vyama visivyo vya faida na kwa serikali za mitaa: fedha ya kujenga au kutengeneza makao, isiyozidi asilimia 65 ya gharama, na malipo ya kila siku kwa kila mtu aliyelazwa. Chama kilipaswa kutafuta sehemu iliyobaki, hivyo kikawa mshiriki na si mpokeaji tu.

Hatua kubwa zaidi ilitokana na sheria ya 2008. Mwaka 2011 ruzuku za kwanza za mpango mpya, kiasi cha dola milioni 60, zilitolewa kwa vyama 85 katika majimbo 40. Mpango huu haukungoja mtu afike barabarani. Familia iliyokaribia kufukuzwa kwa deni la kodi iliweza kusaidiwa ikiwa bado ndani ya nyumba, na iliyokwisha kufukuzwa ikatafutiwa nyingine upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kanuni zake zastahili kuangaliwa na kila mtunza hazina. Kwanza, fedha ya kodi, ya umeme au ya kuhama hulipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba au kampuni inayodai, na stakabadhi huwekwa. Pili, gharama za uongozi wa chama zisizidi asilimia 10 ya ruzuku. Tatu, katika kanuni za mwanzo hali ya kila familia ilichunguzwa tena kila miezi 3, ili aliyeinuka ampishe aliyeanguka. Nne, pamoja na fedha huwekwa mtu wa kuwashauri, kuwasaidia kutafuta kazi na kudai haki zao, maana kodi ya mwezi mmoja haiponyi shida ya miaka.

Hapa ndipo kazi ya karani ilipo ngumu. Mkaguzi wa hesabu ataka hati ya kuachiliwa jeshini, hesabu ya mapato na mkataba wa nyumba. Lakini mtu aliyelala nje miezi mingi hana sanduku la kuwekea hati. Karani akimpa kila aombaye, milango ya Perryville imefunguliwa tena. Akimrudisha kila asiye na karatasi, atawaacha nje walio wahitaji kuliko wote. Karani mwema husaidia kuitafuta hati iliyopotea, huiandikia ofisi inayohusika, na siku haziachi zipite bure. Daftari safi na upesi wa kazi havipingani. Daftari likiwa safi tangu asubuhi, jioni uamuzi huwa rahisi.

Je, yalifaa? Huko watu huhesabiwa usiku mmoja wa Januari. Mwaka 2010 askari wa zamani wasio na makao walikuwa 74,087; mwaka 2024 walikuwa 32,882. Upungufu huo ulitokana na mipango kadhaa pamoja, ikiwamo hati za kodi zilizoongezwa tangu 2008. Wala haukuwa wa moja kwa moja: mwaka 2023 hesabu ilipanda hadi 35,574. Nusu na zaidi wamepata dari, na maelfu bado wako nje.

Basi, wazee na wanachama, tunapokutana kusikiliza hesabu zetu, tusiulize tu kama senti zote zipo. Tuulize pia: zilitoka siku gani, na mwenye shida alizihitaji siku gani? Nani alikataliwa, na kwa sababu ipi? Chama kiwezacho kujibu maswali hayo mbele ya mkutano, bila kukunja ukurasa, kimeitunza amana yake.