Kompyuta Ilivyofika Sebuleni
(Somo la redio kwa watu wazima: Historia. Limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza.)

Kama unacho kitabu mkononi, kifungue. Kama wenzako wa kikundi hawajafika wote, anzeni wachache, wengine watawakuta njiani.

Leo tutazungumza habari za kompyuta na jinsi ilivyofika majumbani mwetu. Nimechagua jambo hili kwa sababu kila ninapopita mitaani hapa Songea, iwe Mfaranyaki, Bombambili au Lizaboni, wazazi huniuliza swali lile lile: "Bwana Elimu, nimnunulie mtoto kompyuta, au itamharibu?" Tena nimeingia katika nyumba ambamo kompyuta imo, lakini imefunikwa kitambaa cha kufuma, nayo haifunuliwi ila akija mgeni. Watoto wameambiwa wasiiguse. Baba haijui, mama haijui, na kwa kuwa hawaijui wanaiogopa.

Usiwacheke wazazi hao. Hofu yao ni ya zamani, na Serikali yetu yenyewe iliwahi kuwa nayo.

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Usiifikirie kuwa kama hizi za kubeba kwapani. Mitambo ya siku zile ilikuwa makabati, tena makabati makubwa, nayo ilitaka chumba chake, ubaridi wake, na makarani wake. Habari zilitiwa ndani kwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Karani alitoboa, mashine ikasoma matundu, ikajumlisha na kutoa, kisha ikapiga chapa majibu. Kazi iliyotakiwa ilikuwa hesabu za Serikali.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Kompyuta haifikiri kama mtu. Inafuata amri, moja baada ya moja, upesi mno, pasipo kuchoka wala kuuliza. Karani wa kibinadamu akiona mfagizi ameandikiwa mshahara wa waziri, atashtuka na kuweka kalamu chini. Mashine haishtuki, italipa.

Basi hayo ndiyo yaliyotupata. Mitambo ilikuja mbele ya mafundi. Waliojua kuiamuru walikuwa wachache, na wengi wao wageni, nao wageni huondoka. Hesabu za Serikali zikavurugika badala ya kunyoka, na fedha nyingi zikapotea. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri: ni marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na televisheni pia. Aliyetaka kuleta kompyuta ilimpasa kuomba ruhusa ya pekee, na kamati ikakaa kulipima ombi lake.

Siku hizi vijana wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi sichcheki sana. Kumbuka mwaka wenyewe ulivyokuwa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara nne hivi kwa muda wa miezi michache tu, mvua zilikuwa zimekosekana, na nchi ilikuwa ikinunua nafaka nje kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba ambaye debe lake la unga limekwisha hanunui saa ya ukutani. Lililotudhuru, kwa maoni yangu, si kufunga mlango bali kuuacha umefungwa muda mrefu vile, kwa kuwa nje ya mlango mambo hayakusimama kutungoja.

Tazama yaliyotokea huko nje. Mwaka 1977 Marekani walianza kuuza kompyuta ndogo za mtu wa kawaida kuweka mezani kwake. Mwaka 1981 Mwingereza mmoja, Clive Sinclair, aliuza kamashine kadogo kaitwako ZX81, kwa bei isiyofika paundi 70. Kumbukumbu yake ilitosha herufi elfu moja hivi, yaani haifiki hata ukurasa mmoja wa barua. Lakini baba na mwanawe walikaa nako jioni wakakafundisha kuhesabu. Kioo chake kilikuwa televisheni ya nyumbani, na daftari lake la kuhifadhia kazi lilikuwa kaseti ya kawaida katika redio kaseti. Mwaka 1982 BBC walianza masomo ya televisheni ya kuwafundisha watu wazima habari za kompyuta, na kampuni ya Acorn ikatengeneza mashine kwa ajili ya masomo hayo.

Umeona shida yetu? Hata kama mwalimu wa Songea angepewa bure na rafiki yake wa Ulaya kamashine kale, angekaunganisha na nini? Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku Bara hapakuwa na kituo. Matangazo ya televisheni yalianza huku mwaka 1994. Amri moja ilikuwa imefunga milango miwili, na nyumba ilihitaji yote miwili.

Lakini redio tulikuwa nayo! Hapa nitasema neno ambalo limenisumbua tangu nilipolijua. Katika miaka ile ya 1980, huko Uholanzi, kulikuwa na kipindi cha redio kilichorusha programu za kompyuta hewani. Msikilizaji alisikia mlio mkali, kriii, kama wa nyenje, akaunasa katika kaseti, kisha akaisomesha kompyuta yake kaseti ile, na kumbe mlio ule ni somo la hesabu. Nasi tulikuwa tumekwisha kuonyesha redio inaweza nini. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya amri ile, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakajifunza habari za malaria na kuhara, wakarudi nyumbani wakachimba vyoo. Wazee wa kikundi chenu watawaeleza. Redio, kitabu kidogo, na kiongozi wa kikundi: hivyo vitatu vilitosha. Haikosi vingetosha kwa jambo jingine pia.

Amri ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mlango ukafunguka kabisa. Intaneti ilifika Dar es Salaam katikati ya miaka hiyo. Mwezi wa Julai 2009 waya mkubwa wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi, na mazungumzo yetu na dunia hayakutegemea tena setilaiti peke yake. Kabla ya hapo, Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisini zilizosemeshwa Kiswahili, jina lake Jambo OpenOffice. Kwa mara ya kwanza mama asiyejua Kiingereza aliweza kuandika barua katika kompyuta na kuelewa kila amri iliyo mbele yake. Ni masikitiko kwamba wengi wetu hatukupata habari.

Sasa turudi Songea. Sisi tulikuwa na kizuizi chetu wenyewe, nacho ni umeme. Kwa miaka mingi mji huu uliangazwa na mashine za dizeli, na mafuta yake yalisafiri njia nzima kwa magari. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme kwa maji ya mto Ruvuma pale Tulila, kiasi cha megawati 5, wakatusaidia. Kisha mwaka 2018 ukakamilika waya wa kilovolti 220 kutoka Makambako, na Songea ikaunganishwa na gridi ya taifa.

Mimi nilinunua kompyuta yangu ya kwanza ya nyumbani kabla ya hapo, siku za mgawo. Ilikuwa imekwisha kutumika, na aliyeniuzia aliisifu sana. Jioni moja umeme ulikatika wakati mwanangu anaandika insha yake. Hatukuchomoa waya. Umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo, tukasikia harufu, na kompyuta haikuwaka tena. Insha ikapotea, na picha za ubatizo wa mdogo wake, na maandishi yangu ya mwaka mzima. Mama watoto hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo, ndugu, umeme ukikatika, chomoa kwanza, maswali baadaye. Ngoja urudi na utulie kama dakika 10, ndipo uchomeke. Kifaa cha kusawazisha umeme, hicho mafundi wakiitacho stabilaiza, si anasa kwa mwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta mpakato ina betri yake, nayo inastahimili zaidi. Na kila kazi iwe na nakala ya pili mahali pengine: katika flashi, tena flashi isikae ndani ya mfuko ule ule wa kompyuta, maana mwizi hachagui. Vumbi letu jekundu unalijua; kitambaa cha kufuma si kibaya, lakini kiondoe kabla ya kuiwasha, kwa sababu mashine hupumua kwa matundu yake.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko umeme. Siku hizi matokeo ya mitihani hutazamwa katika tovuti, na mtoto akimaliza kidato cha sita ombi lake la mkopo wa chuo hupelekwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya intaneti. Mzazi asiyejua huenda steshenari, hulipa, na kijana wa pale humfanyia kila kitu, hata kumtungia neno la siri. Mzazi mmoja alinijia akilia. Neno la siri la mwanawe lilibaki kwa kijana wa dukani, kijana amehama mji, barua pepe haifunguki, na siku za kurekebisha ombi zinakwisha. Nilimwuliza: pesa zako za simu, namba ya siri unampa nani? Akaniambia simpi mtu, hata mke wangu. Tangu mwaka 2008 M-Pesa imetufundisha kuificha namba ile kama hirizi. Neno la siri la mtoto nalo ni fedha, tena ni fedha ya miaka mitatu au zaidi ya chuo.

Ukienda steshenari, nenda na mtoto mwenyewe. Akae yeye kwenye kibodi, yule kijana asimame nyuma amwelekeze. Neno la siri alitunge mtoto, mliandike katika daftari, na daftari likae pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa.

Na lile swali la kuharibu? Iweke kompyuta sebuleni, mahali ambapo kila apitaye anaona kioo, wala si chumbani kwa mtoto. Kaa naye. Mwambie akufundishe, atafurahi, na wewe utajua anakokwenda.

Kabla ya kipindi kijacho kikundi kizungumze hivi: kama mngekuwa katika kamati ile ya mwaka 1974, mngemruhusu nani alete kompyuta, na kwa kazi gani? Mwenye kumbukumbu ya redio ya kwanza kijijini kwake naye asimulie ilivyopokelewa. Katibu aandike majibu. Na ye yote aliye na kompyuta inayolala chini ya kitambaa, juma lijalo ailete.