Vita vilivyobaki midomoni: askari na wapagazi wa mwambao wa Tanganyika

Tarehe 6 Juni imebeba mambo mawili mazito katika historia ya Burundi. Siku hiyo mwaka 1903, huko Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alikubali masharti ya Wajerumani baada ya miaka mingi ya kuwapinga. Na siku kama hiyo mwaka 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoitwa Force Publique liliingia Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Imepita zaidi ya karne moja tangu Burundi ibadilishe bwana pasipo mwenyewe kuulizwa. Mwami wa wakati huo, Mwambutsa wa Nne, alikuwa mtoto mdogo aliyetawazwa miezi michache tu kabla, baada ya kifo cha baba yake, Mutaga wa Nne.

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, Ziwa Tanganyika likiwa kulia na milima kushoto, unapita Mugere kabla ya kuingia komine ya Muhuta na hatimaye kufika Rumonge. Pale Mugere lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni hao wawili walilala hapo siku mbili kwa chifu Mukamba, wakaendelea na safari yao. Kukutana kwao kwenyewe kulikuwa kumeshatokea Ujiji, wiki mbili nyuma. Hata hivyo jiwe hilo ndilo ukumbusho mashuhuri kuliko wote katika mwambao huu, na kila mtalii hupelekwa kulipiga picha. Askari aliyetoka vijiji vya ziwa hili akaenda kupigana Tabora, au mpagazi aliyebeba masanduku ya risasi kichwani mpaka akaangukia njiani, hana jiwe kama hilo. Kama anakumbukwa, anakumbukwa na bibi mmoja ndani ya nyumba moja, na bibi huyo anazeeka.

Vita vyenyewe vimeandikwa sana, kwa hiyo nitavipitia haraka. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji upande wa Kongo, na ziwa zima likawa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1915 waliishusha majini Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya makasha na kuungwa Kigoma. Waingereza nao wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, na Februari iliyofuata wakaizamisha Hedwig. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji wakavuka Ruzizi, wakachukua Usumbura, kisha Gitega tarehe 17. Mwishoni mwa Julai walifika Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Wajerumani walikuwa wameizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Waingereza waliiibua, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Habari ya Mimi na Toutou dunia inaipenda. Imetungiwa vitabu, imechangia riwaya ya Forester ya mwaka 1935 na filamu iliyotokana nayo, na kamanda wao Spicer-Simson, mtu wa michoro mwilini na vazi la sketi, anajulikana hata na wasioweza kuuonyesha mji wa Kalemie, Kongo, kwenye ramani. Lakini mashua zile hazikuruka. Kutoka mwisho wa reli huko Katanga zilivutwa msituni na kupandishwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu. Watu hao walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya mia, wakachota maji ya kuzinywesha mashine wakati wao wenyewe wana kiu. Katika vitabu vingi wanaitwa kwa jumla, "wenyeji", na hadithi inasonga mbele.

Idadi yao haikuwa ndogo. Hesabu inayotajwa zaidi kwa upande wa Wabelgiji ni wapagazi wapatao 260,000 katika vita vyote vya Afrika. Kwa upande wa Waingereza wanatajwa wapagazi wasiopungua 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kwa kila bunduki iliyofika Tabora kulikuwa na migongo kadhaa nyuma yake, na migongo hiyo ilitoka katika familia zilizoachwa na shamba lisilolimwa. Nchini Rwanda watu hawakuviita vita vile kwa jina la mfalme wa Ulaya wala la jenerali. Waliikumbuka njaa iliyovisindikiza, wakaiita Rumanura. Ndivyo familia inavyoandika historia: haitaji nani alishinda, inataja mwaka ule tuliokula mizizi.

Hapo ndipo nyimbo zinapoingia. Mtu aliyezifuatilia kwa bidii ni mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya ngoma ya beni. Beni ilizaliwa katika pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vijana waliiga bendi za kijeshi, tarumbeta na gwaride, wakajigawa vyama viwili vinavyoshindana. Katika nchi ya Tanganyika vyama hivyo viliitwa Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watu wa mjini, waliosoma na wenye nguo safi. Arinoti walikuwa zaidi watu wa bara na wa kazi ngumu. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari wake na akina mama wenye vyeo vyao. Walipokutana uwanjani walishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya kurushiana maneno, na kuna wakati ugomvi ulivuka mipaka ya ngoma.

Vita vilipoanza, vijana wa beni walijikuta jeshini, wengine kwa Wajerumani, wengine kwa Waingereza. Ranger anaonyesha kwamba vita, ambavyo kwa akili ya kawaida vingeiua ngoma, ndivyo vilivyoisambaza. Askari na wapagazi waliibeba mpaka bara, katika kambi za wafungwa na kwenye vituo vya reli, na baada ya amani ikawa imefika Kongo, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Maofisa wa kikoloni walishtuka. Walipoona watu weusi wenye vyeo vya jenerali na wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji, walidhani ni njama. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivyo ilikuwa ya huruma. Mgeni mwanachama alipokewa, mgonjwa aliuguzwa, na aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima na wenzake. Kwa askari aliyerudi hana kitu, Marini au Arinoti ndiyo iliyokuwa ofisi yake ya maveterani, na wimbo ndio uliokuwa cheti chake.

Neno hilo la cheti linanikumbusha kisa ambacho Charles Miller amekisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita vya Afrika Mashariki. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mishahara iliyobaki tangu vita. Mtu wa benki alifungua dirisha Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na karatasi walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, wengine walikuja mikono mitupu. Yule mtu wa benki akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Kwa masimulizi ya Miller, hakuna aliyeshindwa. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita, na amri zile za lugha ngeni zilikuwa bado mikononi na mabegani. Na mpagazi je? Angepewa ufagio afanye nini? Mzigo hauna gwaride, na dirisha la Mwanza halikuwa lake.

Upande wetu wa Burundi kumbukumbu ilikuwa na njia zake tangu kabla ya Wajerumani. Kuna amazina, majigambo ambamo mtu hujitaja ushujaa wake mbele ya watu. Kuna kwishongora, uimbaji wa wanaume wenye sauti ndefu. Kuna inanga inayopigwa huku mwimbaji akinong'ona, na kuna bembelezi za akina mama, ibihozo. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi sauti za namna hiyo nchini, zikatolewa Ufaransa kwenye santuri za Ocora. Leo mwanafunzi wa Muhuta anayetaka kumsikia mwimbaji wa kizazi cha babu yake anaweza kuzikuta kwa wageni kabla ya kuzikuta shuleni kwake. Ngoma za kifalme zimeingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, nasi tunajivunia kwa haki. Lakini ngoma ni sauti ya ikulu. Mjane wa mpagazi aliimba jikoni, na jiko halijaandikwa popote.

Tusidanganyane pia. Familia zinakumbuka pande mbili za askari. Ipo nyumba inayomwita babu shujaa, na ipo nyingine inayomkumbuka askari kama mtu aliyevunja ghala, akachukua mbuzi na kumpeleka kijana wao kubeba mizigo kwa kamba shingoni. Michelle Moyd, katika utafiti wake wa mwaka 2014 juu ya askari wa Wajerumani, ameyaonyesha yote mawili kwa mtu yule yule. Anayekusanya nyimbo na kuchagua za sifa peke yake atakuwa ameandika nusu.

Dar es Salaam wana sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, yenye maneno ya Kipling yanayomwahidi marehemu kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuchongwa. Lililobaki ni Kariakoo, mtaa uliochukua jina la kikosi cha wapagazi, ambamo watu hununua nyanya kila asubuhi.

Vita vilivyofuata vimefunika vile vya kwanza. Mwaka 1972 moto uliwaka Rumonge na Nyanza-Lac, na 1993 nchi nzima. Watu wa mwambao walivuka ziwa na nyimbo zao kwenda Kigoma na Kongo, na si wote waliorudi. Kuanzia Desemba 2007 askari wa Burundi walitumikia Somalia kwa miaka mingi, na wapo wajane wapya katika vilima hivi hivi.

Mfano wa kufuata upo, na haukuhitaji fedha nyingi. Kleist Sykes wa Dar es Salaam, aliyezaliwa 1894 na kupigana chini ya Lettow-Vorbeck, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Mjukuu wake Aisha Daisy Sykes, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alizichukua karatasi za babu na maneno ya jamaa zake akaandika makala iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Kwa sababu ya binti huyo, leo tunajua habari za askari mmoja, za baba yake aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Mjerumani von Wissmann, na za wanawe waliokwenda Burma. Chuo Kikuu cha Burundi kina wanafunzi kutoka Gitaza, Minago na Rumonge. Kila mmoja ana simu inayorekodi sauti, na likizo zinakuja. Waanze na bibi zao, wawaulize ni nani katika ukoo aliyekwenda Tabora, alibeba nini, na waliokuwa nyumbani waliimba nini alipochelewa kurudi.