Chicago na Hesabu za Risasi: Namna ya Kuzisoma

Mji wa Chicago ukitajwa barazani, hakosi mtu wa kusema kuwa huko ndiko watu wanakouawa zaidi Marekani. Ndugu msomaji, hebu tuziangalie hesabu zenyewe.

Mwaka 2016 polisi wa Chicago walihesabu mauaji 762, matukio ya ufyatuaji risasi 3,550, na watu 4,331 waliopigwa risasi. Hizo ni hesabu tatu mbalimbali. Tukio moja laweza kujeruhi watu kadhaa, na wengi wanaopigwa risasi hunusurika. Tena katika hao 762 wamo waliouawa kwa visu na kwa vipigo, ingawa sehemu kubwa waliuawa kwa bunduki.

Mwaka huo hakuna mji wa Marekani uliokuwa na mauaji mengi kama Chicago. New York, yenye zaidi ya watu milioni 8, ilikuwa na mauaji 335. Lakini St. Louis, mji mdogo wa watu kama 310,000, ulipoteza watu 188. Chicago ina watu kama milioni 2.7. Ukigawa, Chicago yapata kama vifo 28 kwa kila wakazi 100,000, New York kama 4, na St. Louis kama 60. Kwa hivyo anayesema Chicago inaongoza kwa idadi alikuwa na haki. Kwa uwiano wa watu, hakuwa nayo.

Jambo la pili ni mwaka wa kuanzia. Chicago ilikuwa na mauaji 970 mwaka 1974, chini ya 450 mwaka 2014, karibu 800 mwaka 2021, na 573 mwaka 2024. Anayetaka kuonyesha kuwa mji umeharibika ataanza na 2014. Anayetaka kusifu viongozi ataanza na 2021. Wote wawili watakuwa na takwimu za kweli mkononi.

La tatu ni mtaa. Risasi nyingi hulia kusini na magharibi mwa mji, mitaa kama Englewood, Austin na West Garfield Park, na wanaokufa wengi ni vijana weusi. Kaskazini kuna mitaa inayomaliza mwaka bila maiti hata moja. Na bunduki zenyewe nyingi hutoka kwengine: ripoti ya mji ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa katika kila bunduki 100 za uhalifu zilizofuatiliwa asili yake, kama 60 zilinunuliwa kwanza nje ya jimbo la Illinois, hasa jimbo jirani la Indiana.

Januari 2013, binti wa miaka 15 aliuawa kwa risasi katika bustani moja kusini mwa Chicago, kama wiki moja tu baada ya kushiriki na wenzake wa shule katika sherehe za kuapishwa Rais Obama. Mwaka huo mauaji yalipungua kutoka zaidi ya 500 ya mwaka 2012, na viongozi walifurahia. Kwa wazazi wake, kupungua huko kulikuwa na maana gani?

Basi ukiletewa hesabu, uliza: ni waliokufa au waliojeruhiwa? Kati ya watu wangapi? Tangu mwaka gani? Na katika mtaa upi?